Nusu ya wiki Chamazi, nusu ya wiki Segerea: watoto wataiweza shule?

Swali: Ndoa yetu ilivunjwa mahakamani mwaka jana. Tuna watoto wawili, binti wa miaka 10 anayeingia darasa la nne na wa kiume wa miaka 6 anayeanza darasa la kwanza. Wote watasoma shule moja ya binafsi Tabata, hapa Dar es Salaam. Wanaishi na mama yao Segerea, mimi nimehamia Chamazi. Hukumu inasema watoto wakae na mama na mimi niwaone "kwa utaratibu unaofaa", basi. Mwaka mzima tumegombana kila Jumapili usiku: nimewachelewesha, sare chafu, kazi za shule hazijafanywa. Ada nalipa mimi, bado naambiwa sitoi kitu. Shule zinafunguliwa Januari na nataka walale kwangu nusu ya wiki, kuanzia Jumapili hadi Jumatano. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yetu, nusu ya wiki kutoka Chamazi hatukushauri, na ukiipeleka mahakamani huenda usiipate. Hatusemi hivyo kwa sababu wewe ni baba. Tatizo ni barabara.

Mtoto akilala Chamazi siku ya shule, asubuhi anatokea Mbagala, anaingia Barabara ya Kilwa, anakata Uhasibu kushika Mandela, anapita TAZARA na Buguruni ndipo aione Tabata. Hizo ni njia ambazo nusu ya magari ya upande huo wa jiji yanazigombania saa hizohizo. Basi la shule linalopita Segerea halifiki kwako, kwa hiyo ni gari lako, bodaboda au daladala mbili tatu. Atatakiwa awe njiani kabla ya saa 11 alfajiri, siku tatu mfululizo, kisha jioni arudi njia ileile. Wa darasa la kwanza atasinzia mezani kabla ya mapumziko ya chai, na mwalimu hataandika kwamba ni foleni. Ataandika kwamba mtoto hafuatilii somo.

Sheria nayo inaangalia hapohapo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto wa wazazi walioachana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine anapotaka, isipokuwa pale utaratibu huo unapoingilia masomo yake. Ona haki hiyo imepewa nani. Ni ya mtoto, na shule ndiyo iliyowekwa kuwa mpaka wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inaweka ustawi wa mtoto mbele, halafu inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, ila kifungu hichohicho kinaitaka mahakama ipime pia madhara ya kumhamishahamisha mtoto. Kijana wako yumo ndani ya dhana hiyo. Binti wa miaka 10 anaweza kusikilizwa anataka nini. Usimfundishe la kusema. Maafisa ustawi wa jamii huzungumza na watoto karibu kila siku, na maneno ya mtu mzima kinywani mwa mtoto wanayatambua upesi.

Siku ukihamia Tabata, Kinyerezi au hata Buguruni, hesabu inabadilika na ombi lako linakuwa na miguu. Kwa sasa pigania kitu ambacho wababa wengi hawakiombi: ratiba iliyoandikwa, yenye siku, saa na mahali, iliyojengwa juu ya kalenda ya shule. "Utaratibu unaofaa" ndiyo chanzo cha ugomvi wenu, kwa sababu kila mmoja ana unaofaa wake.

Anza na Jumapili, maana ndipo mnapoungulia. Saa ya kuwarudisha isipangwe kwa kubahatisha, ihesabiwe kutoka mwisho kurudi nyuma. Tuseme basi la shule linapita Segerea saa 11:30 alfajiri. Mtoto anaamka saa 10:45. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, kwa hiyo kwa kiwango cha chini kabisa lazima wawe wamelala saa 1:45 usiku. Kabla ya hapo kuna kuoga, kula, kupanga begi kwa ratiba ya Jumatatu, na ule muda ambao mtoto anahitaji kutulia baada ya kubadilisha nyumba, ambao wa miaka 6 huumalizia kwa kulia bila sababu. Yote hayo ni saa mbili na nusu hadi tatu. Basi wanatakiwa wawe mlangoni Segerea saa 10:30 jioni, na saa 11 iwe mwisho kabisa. Kwako waondoke saa 8:30 mchana, wakishakula. Mvua za masika, Machi hadi Mei, toka saa 8 kamili. Ukiwarudisha saa 3 usiku umeshakata usingizi wa Jumapili, na Jumatatu yote imekwenda. Mama yao hakukosea kulalamika, hata kama namna alivyolalamika ilikuudhi.

Ratiba tunayoipendekeza kwa umbali wenu ni hii: wikendi moja kwako, moja kwa mama, kwa zamu. Wikendi yako inaanza Ijumaa, na unawachukulia shuleni, si nyumbani kwa mama yao. Hapo mnapunguza mara moja ya kukutana mlangoni, na mlangoni ndiko maneno yanakozaliwa. Mtoto naye anatoka darasani kwenda kwa baba, badala ya kumwacha mama amesimama kibarazani. Kurudi ni Jumapili kwa saa tulizohesabu. Kila wikendi ukiitaka wewe, mama anabaki na siku za kuamsha, kufokea na kusimamia kazi za shule tu, na wewe unakuwa baba wa chipsi na katuni. Hakuna anayefaidika hapo.

Ongeza Jumatano moja kila wiki, lakini wewe ndiye uende Tabata. Wachukue shuleni, au uwapokee basi linapowashusha, kaa nao saa mbili. Tafuta mahali penye meza: kwa shangazi yao, kwa rafiki wa familia, hata kwenye mgahawa usio na kelele. Mfanye kazi za shule za siku hiyo, mle kitu, wawe kwa mama yao kabla ya saa 12 jioni. Sharti la Jumatano hii ni daftari. Baba anayejua kwamba binti yake anakwama kwenye sehemu za desimali ana nafasi katika shule ya mtoto kuliko baba anayejua kiasi cha ada tu, na hata mbele ya hakimu anaeleweka tofauti.

Simu nayo iwe na saa yake. Saa 12:45 jioni, dakika kumi hadi kumi na tano, kwa simu ya mama au ya mtu mzima mwingine wa nyumba ile. Ukipiga saa 2 usiku unaamsha, ukipiga saa 11 jioni unakatiza kazi za shule. Mama naye awapigie saa hiyohiyo wakiwa kwako, na asiwe anauliza wamekula nini kwa sauti ya upelelezi.

Sasa mizigo, maana sare chafu ni jambo dogo linalovunja makubaliano makubwa. Watoto wanafika Ijumaa wakiwa na sare waliyovaa, pengine ya michezo. Ifuliwe Ijumaa hiyohiyo usiku au Jumamosi asubuhi, kwa sababu Jumapili mvua ikinyesha hakuna kitakachokauka. Vitakavyobaki kwako moja kwa moja, bila kusafiri, ni nguo za nyumbani, ndala, mswaki, taulo, nguo za ndani, kalamu na kichongeo. Vinunue mara moja na usiviombe Segerea. Vitakavyosafiri ni begi la shule, sare, viatu vya shule na dawa kama mtoto yuko kwenye dozi. Dawa iende na karatasi iliyoandikwa saa ya mwisho aliyokunywa. Wazazi wawili wasipoandikiana, mtoto hupewa dozi mara mbili, au dozi hurukwa na homa ikaendelea hadi Jumatatu. Picha ya kadi ya bima, mbele na nyuma, kila mzazi awe nayo kwenye simu. Mwanasesere au blanketi analolalia mdogo lisafiri pia, hata kama linakuaibisha.

Kazi za shule zifanywe Jumamosi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Zikibaki hadi Jumapili hazitafanyika, kwa sababu Jumapili kuna kanisa au wageni, na saa 8:30 mnatoka. Ukimaliza, piga picha ya ukurasa na umtumie mama yao bila maneno mengi. Utashangaa ugomvi wa kiasi gani unazimwa na picha moja ya daftari.

Shuleni nendeni kabla ya kufungua, mkiweza wote wawili, msipoweza uende peke yako ukiwa na nakala ya hukumu. Omba majina na namba zenu wawili ziandikwe kwenye fomu ya kila mtoto. Mpe mwalimu mkuu barua fupi inayotaja nani anaruhusiwa kuwachukua na siku gani. Majina yawe yamekamilika, na kama shangazi au dereva wa bajaji anaweza kutumwa, naye atajwe na aache nakala ya kitambulisho. Anayefika geti bila kuwa kwenye barua asipewe mtoto, hata akisema ametumwa na baba. Omba ripoti ya muhula itolewe nakala mbili, na namba yako iingizwe kwenye kundi la wazazi la darasa. Mwalimu wa darasa ajue kwamba nyumba ni mbili, inatosha. Asiwe mshenga wala shahidi wenu. Shule zikianza kuvutwa kwenye kesi hujitoa kwa kukata mawasiliano na wazazi wote wawili.

Kuhusu fedha, sheria iko wazi: kifungu cha 129 cha Sheria ya Ndoa kinamweka baba kuwa na wajibu wa kuwatunza watoto, wawe wanakaa naye au na mtu mwingine. Mahakama ikipanga kiwango, Sheria ya Mtoto inaitaka iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu mengine waliyo nayo kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Kwamba unaambiwa hutoi kitu ilhali unalipa ada, mara nyingi maana yake ni kwamba ada haionekani jikoni. Mama anaona mchele, mafuta, gesi na hela ya kununulia madaftari. Kwa hiyo tenganisheni mafungu. Ada na basi la shule ulipe wewe moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kwa jina la mtoto na darasa lake, na risiti uitume siku hiyohiyo. Matumizi ya mwezi yapite kwa simu, tarehe moja isiyobadilika, kwa namba moja, na ujumbe wa muamala usiufute. Hela ya mkononi haina ushahidi, na hela iliyopitia kwa mjomba ina ushahidi mbaya zaidi.

Fungu la tatu ndilo linalosahaulika: tuisheni, ziara za masomo, michango ya mahafali, viatu vilivyopasuka Mei, hospitali. Wekeni kiwango. Kwa mfano, chochote cha chini ya shilingi 30,000 mzazi aliye na watoto siku hiyo analipa bila kuuliza; kinachozidi hapo mnaulizana kwanza na kugawana kwa uwiano mliokubaliana, nusu kwa nusu au vinginevyo kulingana na vipato. Bila kiwango hicho mtabishana juu ya rula.

Januari ina hila yake. Ada ya awamu ya kwanza, sare mpya, madaftari na pengine kodi ya nyumba ya miezi sita vinakuja pamoja. Kama ada ya watoto wawili ni, tuseme, shilingi 3,600,000 kwa mwaka, hiyo ni 300,000 kila mwezi, na inatakiwa iwe inawekwa pembeni tangu katikati ya mwaka uliotangulia. Ukiona haitatimia, nenda kwa mhasibu wa shule mapema Desemba ukaombe awamu ndogondogo, ukaandikiwe. Anayekwenda baada ya mtoto kurudishwa nyumbani anakuta mlango mwembamba. Mtoto akirudishwa kwa ajili ya ada, atakayempokea ni mama yake saa 4 asubuhi, na hapo ndipo "hatoi kitu" inapozaliwa upya.

Jambo moja lisichanganywe kamwe: matumizi na kuonana. Ukinyimwa watoto wikendi, matumizi yaendelee. Matumizi yakichelewa, watoto waende kwa baba. Kila mmoja wenu akishika kimoja kuwa rehani, mtoto ndiye anayekosa vyote, na mahakamani nyote mtaonekana mna makosa.

Kalenda sasa. Mwaka wa shule una mihula miwili, wa kwanza Januari hadi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, wa pili Julai hadi Desemba, na mapumziko mafupi katikati ya kila muhula. Shule ikitoa kalenda yake, kaeni nayo na kalamu. Likizo ya Juni na ya Desemba zigawanywe nusu kwa nusu, ila wiki ya mwisho kabla ya kufungua iwe Segerea daima, kwa sababu huko ndiko sare zinakojaribiwa, nywele zinakonyolewa na usingizi unakorudishwa kwenye saa zake. Likizo fupi ya muhula mmoja iwe yako yote, ya muhula mwingine yake. Krismasi na Idi zipokezane: mwaka huu kwako, mwakani kwake. Idi msiiandikie tarehe, maana inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka na mwisho mwezi ndio unaamua. Andikeni jina la sikukuu. Kama Desemba unataka kuwapeleka kwa bibi yao mkoani, sema Oktoba, kwa sababu tiketi za mabasi pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, zikikaribia Krismasi huadimika, na safari ya kushtukiza inafanana sana na kutoroka na watoto.

Binti yako ana jambo la ziada. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa wa Baraza la Mitihani, kwa kawaida mwishoni mwa Oktoba. Kuanzia Septemba shule nyingi huweka masomo ya Jumamosi. Andikeni mapema kwamba katika wiki hizo wikendi yako inaanza Jumamosi baada ya masomo, na kwamba wikendi inayotangulia upimaji analala Segerea, wewe unakwenda kumwona Tabata. Siku mbili utakazopoteza mama azirudishe kwenye likizo ya Desemba, na ziandikwe hivyo ili zisibaki deni la maneno.

Mawasiliano yenu yawe kwa maandishi, sehemu moja, juu ya watoto tu. Mtoto asibebe ujumbe wala bahasha. "Mwambie baba yako ada" ni sentensi fupi inayomfanya mtoto wa miaka 10 ajione yeye ndiye gharama. Kuchelewa kunatokea, mkubaliane kwamba anayechelewa zaidi ya dakika 30 anatoa taarifa kabla dakika hizo hazijaisha, na anasema atafika saa ngapi. Na kama kwako au kwa mama kuna mwenza mpya, mzazi mwenzio ajue jina lake kabla hajalisikia kutoka kwa mtoto.

Kuyafanya haya yashike: makubaliano ya karatasi peke yake hayana nguvu ya amri ya mahakama. Andikeni, mwende kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo wanakoishi watoto, ambalo kwa Segerea ni upande wa Ilala, awasaidie kuyanyoosha na kuyashuhudia. Kisha yapelekwe kwenye mahakama iliyotoa hukumu yenu, muombe amri ya awali ibadilishwe iseme siku na saa. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 133, inaruhusu amri za malezi na matunzo kubadilishwe mazingira yanapobadilika kwa uzito, na mtoto kuanza shule pamoja na wewe kuhamia Chamazi ni hoja unayoweza kuijenga. Mashauri ya ndoa na mirathi jijini yana kituo chake jumuishi pale Temeke. Kama wakili ni mzigo, mashirika ya msaada wa kisheria kama TAWLA na WLAC yapo hapa Dar es Salaam.

Ukinyimwa watoto siku yako, usiende kuwachukua kwa nguvu wala kuwakalisha kwako baada ya wikendi kwa kulipiza. Kumwondoa mtoto kwa mtu aliyepewa kumlea kihalali kunakatazwa na Sheria ya Mtoto, na kosa hilo moja linaweza kufuta wema wako wa mwaka mzima. Andika tarehe, saa na ulichojibiwa. Ikifika mara ya pili, nenda ustawi. Likiwa jambo la mtoto kupigwa au kudhuriwa, popote litokee, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, wala usisubiri ratiba.

Mwisho wa muhula wa kwanza, mkae na ripoti mbili mezani na mwangalie siku za kuchelewa, kazi za shule zilizokosekana, na mdogo anavyolala. Tumbo linalouma kila Jumatatu, au kukojoa kitandani kulikokuwa kumeshaisha, kwanza apelekwe hospitali, kisha mtazame kama Jumapili inabana sana. Kama saa 11 jioni imekuwa 12, irudisheni. Kama Jumatano imeshindikana kwa kazi yako, ibadilishe siku na uiandike upya. Ikiachwa ife kimyakimya itahesabiwa kwamba uliikataa.

Kwa kuanzia, mtumie mzazi mwenzio ujumbe wiki hii, mfupi, usio na yaliyopita: "Mama, nimeangalia kalenda ya shule. Napendekeza wikendi moja kwangu moja kwako, nawachukua shuleni Ijumaa, nawarudisha Jumapili saa 10:30 jioni. Jumatano nakuja Tabata kuwasimamia kazi za shule hadi saa 12 kasoro. Ada na basi nalipa shuleni, risiti nakutumia. Wiki ya mwisho ya likizo wakae kwako. Wewe ungebadilisha nini?" Swali la mwisho usiliondoe, na akibadilisha saa moja au siku moja, mkubalie. Zikipita siku saba hajajibu, chapisha ujumbe huo na uende nao ustawi wa jamii, kabla foleni za Januari za wazazi hazijajaa pale.